Mkia

Mimi ndiye mkia.
Kila safari ya klabu lazima iwe na mkia:
mtu mmoja, jaketi la rangi ya chungwa, pikipiki isiyo na haraka,
anayekula moshi wa wenzake tangu asubuhi
ili mtu asilale mtaroni huku wengine wanaagiza bia.

Tulitoka Dandry kumi na tisa.
Raelene mbele, mgongo wima, taa inawaka mchana kweupe;
katikati wale wa Honda wanaochekwa na wale wa Harley,
na kijana Tariq, bango la mwanagenzi likipepea nyuma,
anayekata kona kama anaomba ruhusa.
Julai ya huku kusini inauma mpaka kwenye meno.
Barafu nyembamba haijatoka kwenye malisho,
ng'ombe wanatutazama kwa macho ya karani.
Na mbele yangu, saa mbili nzima, taa moja nyekundu:
Col Hegarty, miaka sabini na sita, Triumph ya kuwashwa kwa teke,
matone ya oili yakinionyesha njia
kana kwamba naweza kupotea.

Njia ya Kumbukumbu ya Barrawong si kitu kikubwa.
Ukishaegesha nyuma ya uwanja wa kriketi
unaona lango la chuma, kisha daraja la mbao,
kisha mikalitusi, mmoja kwa kila jina,
na chini ya kila mti kibao cha shaba kisichozidi kitabu cha hundi.
Kilomita moja na nusu. Wanasema dakika ishirini zinatosha.

Tulizima injini.
Sijui kama unaujua ukimya wa aina hiyo,
masikio bado yananguruma, mikono bado inatetemeka,
kumbe dunia imenyamaza zamani.
Tukaingia, helmeti kwapani,
watu wazima wenye michoro ya mafuvu shingoni
wakitembea kama walioingia nyumba iliyolala mtoto mchanga.
Buti tu juu ya mbao: ko, ko, ko.
Tariq akasoma kwa sauti, hakuambiwa na mtu:
Pritchard, W. Pritchard, T. Pritchard, A.
Akasita. "Hawa ni nyumba moja?"
Raelene akasema, "Walikuwa wakiuza maziwa."
Basi. Hakuongeza neno.

Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nahesabu.
Miti mia moja na kumi na miwili.
Nikajiuliza nani alikuwa mkia wao,
nani alivaa chungwa akangoja njia panda
mpaka taa ya mwisho ionekane kiooni.
Labda walikuwa naye. Labda naye ana mti.

Saa saba Raelene akatazama mawingu, akapiga mbinja:
mikate ya nyama inatungoja Mellick.
Kumi na saba wakavaa glavu.
Na mimi, kumi na nane.

Nilimkuta mti wa themanini na nane.
Amekaa chini, goti bovu amelinyoosha,
anasugua kibao kwa kitambaa kile kile cha kupangusia plagi
na shaba inazidi kuwa nyeusi.
Hegarty, D. J. Vietnam. Miaka ishirini.
"Aliniachia pikipiki," akasema. "Akaniambia nisiiguse."
Akacheka, kicheko kilichokwama kama klachi.
"Nikaigusa siku ile ile, Glenys.
Basi lake halijakata hata kona."

Nilitaka kusema kitu. Maneno ya pole yapo mengi,
yote yalinijia yamevaa viatu vya ofisi.
Nikammiminia chai. Ilikuwa imepoa.
Akainywa.

Kule nje wenzetu waliwasha, mmoja mmoja,
nikawasikia wakibadili gia mlimani, kisha sikuwasikia.
Raelene anajua: mkia ukibaki, una sababu.

Karibu saa nane akanyoosha mkono, nikamvuta.
Pikipiki ya Des ilikataa teke la kwanza.
La pili ikakohoa.
Mvua ikaanza, ile ya pembeni, inayoingia kolani.
La tatu, kimya.
Akavua glavu, akapuliza vidole, akaipapasa tangi
kama unavyompapasa mbwa wa mtu mwingine.

Nilikaa juu ya yangu, miguu chini,
ufunguo mfukoni.
Sikuwasha.
Mkia hautangulii.